AKIBA ISIMWADHIBU MWENYE MSHAHARA MDOGO



Wafanyakazi wa Kanada huweka akiba ya uzeeni katika mifuko miwili. Fedha iwekwayo katika RRSP, ulioanza 1957, haitozwi kodi mwaka huo, bali hutozwa siku ya kutolewa. TFSA, ulioanza 2009, hauna nafuu hiyo mwanzoni, lakini fedha yake haitozwi itolewapo.

Mwenye mshahara mnono hufaidika na ule wa kwanza. Mwenye mshahara mdogo aangalie sana! Serikali ya huko huwapa wazee maskini nyongeza ya malipo; mzee akitoa fedha ya RRSP, nyongeza hupunguzwa. Ya TFSA haihesabiwi.

Basi mtu amejinyima ujanani, na uzeeni apunguziwe? Maoni yetu: chama kinapomdai mwajiri mfuko wa akiba, kiulize kwanza utamfaa nani.