Taa ya Chombo si Adui wa Mwindaji

Nimeyasoma kwa taamuli maneno ya mwandishi adaiye kwamba mamba wa Bwawa la Mtera, kwa kuwa wanahatarisha roho za wavuvi, waachwe wawindwe usiku na kila mwenye kurunzi, na taa za vyombo zizimwe wasije wakashtuka. Madhara ya mamba siyakanushi, kwani sisi wa Kibakwe twala samaki wa bwawa hilo. Lakini hoja yake ni batili kwa njia mbili. Kwanza, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 imekataza kuwinda bila kibali. Pili, kanuni za kimataifa za baharini za 1972, ambazo yafaa maji ya bara yaziige, zataka taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia na nyeupe tezini, na hata mtumbwi wa makasia uwe na taa iliyo tayari kuonyeshwa kabla ya kugongana. Jicho la mamba, likimulikwa, huwaka kama kaa la moto. Mtumbwi uliozimwa taa hauna jicho, na atakayeuona wa kwanza ni atakayeugonga. Azimaye taa hafichiki kwa mamba, aonaye gizani. Afichika kwa binadamu wenzake.