Mwenye kushika usukani asikilizwe

Wandugu vijana wa Runingu, wa Kiliba, wa Sange na wa Uvira mjini,

Kuna watu watatuuliza: ninyi mambo ya ndege inawahusu nini? Hapa kwetu tunapanda moto na boti, bei ya avio hatuiwezi. Tunajibu: inatuhusu. Mfanyabiashara wa Uvira anayetafuta mali mbali anavuka Kavimvira, anapita Gatumba, anapandia ndege Bujumbura, na mara nyingi anapitia Nairobi. Ndege zikilala Nairobi, hata soko letu linasikia. Na zaidi ya ile, ugonjwa uliolaza zile ndege sisi tunaujua. Tuko tunaishi nao.

Tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma. Chama chao KALPA, chenye marubani karibu 400, kiliendelea hata kama tribinali ilikuwa imekwisha kukataza. Walidai nini? Kwanza, kampani ianze tena kutia sehemu yake katika mfuko wa akiba wa wafanyakazi, iliyosimamishwa mwaka 2020 wakati wa Korona. Pili, walipwe mishahara iliyozuiliwa wakati ule ule. Uongozi ulijibu kwa hesabu: kila siku ya mgomo inakula shilingi milioni 300. Maelfu ya wasafiri walikwama. Tarehe 8 tribinali iliwaamuru warudi kazini kesho yake asubuhi, wakarudi.

Tuangalie vizuri. Hasara ya siku moja ya mgomo ilihesabiwa haraka sana. Lakini ile miaka miwili ambayo mfuko ulikaa bila kutiwa kitu, nani aliihesabu?

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2016 marubani hao hao walitisha kugoma wakitaka mkurugenzi mkuu, Mbuvi Ngunze, na mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, waondoke. Mwaka ule ule Awori akamwachia kiti Michael Joseph, na Ngunze akaondoka 2017. Viongozi walibadilika, ugomvi ukabaki. Hapo njo fundisho liko: kubadilisha sura bila kubadilisha namna ya kusikilizana haileti kitu.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Uongozi ulikuwa na shida ya kweli. Mwaka ule wa 2022 kampani ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 38. Na rubani si maskini. Mshahara wake mwalimu wa Runingu hawezi kuuota. Abiria aliyelala chini uwanjani hakukosea mtu, naye hatumsahau. Lakini mtu ukimwomba abebe shida pamoja na wewe, unamfungulia kitabu cha hesabu, unampa tarehe kwa maandishi. Humkati leo na kumwambia kesho tutaona.

Kuna jambo kubwa kupita pesa. Sheria ya kimataifa ya anga inampa rubani mkuu neno la mwisho juu ya chombo chake. Yeye njo anaona mawingu, anasikia mashine. Hapa ziwani tunajua: mwenye boti anakaa Kalundu na kusema pakieni tena, nahodha njo anajua upepo. Siku nahodha anaogopa kusema hapana juu ya kulinda kazi yake, sisi wote ndani tuko hatarini. Wafanyakazi waliozoea kunyamaza juu ya mshahara watanyamaza pia juu ya tairi iliyoisha.

Kwetu Kongo je? Congo Airways, mali ya serikali, ilianza kuruka mwaka 2015. Baada ya miaka michache ndege zake zikabaki chini. Desemba 2024 ikaanza Air Congo, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49. Hatutaki tuimbe kila mara jina jipya, halafu tuzike kampani ile ile.

Kwa hiyo tunadai, kwa kila kampani ya serikali:

– hesabu zitangazwe kila mwaka, raia azisome;
– wafanyakazi wawe na kiti katika bodi;
– pesa ikipungua, makato yaanzie juu, na tarehe ya kurudisha iandikwe;
– anayekataa kuendesha chombo kibovu asiadhibiwe hata kidogo.

Na sisi wenyewe, tusingoje Kinshasa. Katika vyama vya moto, vya wavuvi, katika kamati za masoko, tuulize: pesa ya mfuko iko wapi, nani anaisimamia, wanachama wanaambiwa lini? Tukishindwa kuuliza hapa Runingu, hatuna mdomo wa kuuliza huko juu.

Sisi vijana wa Runingu.