Nani Aliyeipausha?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya nguo iliyokula jua. Ipo iliyochuja, ambayo rangi yake imekwenda na maji, ipo iliyopauka, ipo iliyochakaa, na ipo kuukuu, neno ambalo masikioni mwangu lina heshima, kwani wahenga walinena kuwa ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Hapa Tlawi, wilayani Mbulu, suruali ya jinzi hupitia hali hizo zote kwa jembe, jua na sabuni ya mche, na goti ndilo hutangulia kuwa jeupe.

Lakini marobota ya mitumba hutuletea pia jinzi yenye goti jeupe lililotoka hivyo kiwandani. Huitwa "vinteji", na washairi vijana wameanza kulipokea neno hilo. Sina ugomvi na ukopaji. Hata jinzi ni neno la kukopa. Ugomvi wangu ni kuwa vinteji ni sifa isiyo na mtenda.

Na mtenda yupo. Rangi ya nili hukaa juu juu ya uzi, kiini kikabaki cheupe. Kwa hiyo suruali mpya hufuliwa pamoja na mawe mepesi ya volkano, au hutiwa vimeng'enya vinavyokula nyuzi za juu, au hunyunyiziwa pamanganeti ya potasiamu mapajani. Njia nyingine ni kuipulizia mchanga kwa hewa yenye nguvu. Huko Uturuki, vijana waliofanya kazi hiyo walivuta vumbi lake wakapata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Mwaka 2009 serikali ikaipiga marufuku njia hiyo.

Sarufi yetu inalo la kusema hapa. Kama amka inavyozaa amsha, pauka huzaa pausha. Nguo iliyopauka ni kazi ya siku nyingi. Iliyopaushwa ni kazi ya mtu, na msikilizaji hana budi kuuliza: nani, na kwa mchanga gani? (Atakayehofia kuichanganya na paua ya nyumba atulie, suruali haina kenchi.)

Tena, ndugu watunzi, hesabuni mizani: "jinzi iliyopaushwa" ni nane kamili, kipande kizima cha mshororo.