Kashe-kashe yenye GPS: tucheze, lakini kwa akili ya Nakivale

Wiki hizi kwenye grupu letu kuna kelele juu ya mchezo unaoitwa geokashingi. Wengine wanasema ni mambo ya watu walioshiba. Wengine wanataka tuandike mradi haraka, tuombe tableti 20. Sisi tunaojitolea na watoto kila Jumamosi tunaona pande zote mbili zimepotea njia.

Kwa wasioujua: mtu anaficha kopo lenye daftari, anaandika namba za GPS za pale, halafu mwingine anakuja na simu kulitafuta. Akilipata anaandika jina lake na kulirudisha palepale. Ulianza Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000. Siku moja kabla, serikali ya Clinton ilikuwa imezima ule upotoshaji wa makusudi uliofanya GPS ya raia ikosee hadi kama mita 100. Basi jamaa mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini aone kama watu wataipata. Wakaipata. Leo makopo ya namna hiyo ni zaidi ya milioni 3 duniani.

Sasa hapo ajabu iko wapi? Tuliotoka Uvira na Bukavu tumecheza kashe-kashe, neno la Kifaransa tulilolifanya letu. Waliopitia Nyarugusu wanajua kombolela: anayetafuta analinda kopo, na ukifika ukalipiga teke wote waliokamatwa wanakuwa huru. Kopo lilikuwepo, kujificha kulikuwepo. Kilichoongezeka ni setilaiti tu.

Anayesema ni upuuzi tunamuuliza: wewe unaijua Nakivale? Hapa palianza 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, leo tuko na Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Lakini kijana wa New Congo anajua bomba la maji, soko na foleni ya chakula, basi. Rubondo kwake ni kama nchi nyingine. Kuna watoto waliozaliwa hapahapa ambao hawajawahi kupiga hodi kwa jirani Msomali. Kopo likiwa kijiji cha wengine, lazima uende, lazima usalimie, lazima uulize njia.

Kuna jambo lingine ambalo wandugu wengi hawalisemi. Kwetu kujificha hakukuwa mchezo tu. Baadhi ya hawa watoto walijificha kwenye migomba kweli, bunduki zikilia. Tumeona mtoto ambaye kashe-kashe ikiisha hatoki. Unamwita, wenzake wanamwita, amekaa kimya huko alipo. Ndiyo maana tunapenda mchezo ambao kinachofichwa ni kitu, na mtoto ndiye anayetafuta, akiwa na wenzake, mchana kweupe.

Lakini tusiige kila kitu. Mama zetu wa Kivu walitufundisha: ukikuta chuma kimelala chini usiguse, kinaweza kuwa grenedi. Wako sawa kabisa, na tusije sisi tukawafundisha watoto kinyume. Kwa hiyo hakuna kopo la chuma, hakuna kuchimba, hakuna mfuko uliofungwa. Tutumie chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ifungwe kitambaa cha rangi kali, na mwenyekiti wa kijiji aonyeshwe mahali kabla ya mtoto yeyote kutumwa. Pembeni ya ziwa tusiweke kitu.

Wale wanaotaka kuficha vitu Mbarara mjini, tunakataa. Mwaka 2011 kule Wetherby, Uingereza, wataalamu wa mabomu walilipua kopo la mchezo huu kwa kudhaniwa ni bomu. Hiyo ni Uingereza. Hapa watu hawajasahau mabomu ya Kampala ya Novemba 2021. Wewe kijana mkimbizi unapapasa chini ya benchi kwenye stendi ya taksi, simu mkononi, nani atakutetea na kwa lugha gani? Mjini tucheze kwa macho tu: fika kwenye ile sanamu ya ng'ombe wa Ankole, utuambie anatazama upande gani. Hakuna kilichofichwa, hakuna wa kukushuku.

Na tableti? Hapana. GPS hailambi bando, simu inapokea tu kutoka angani. Ramani unaipakua mapema penye intaneti. Simu moja inatosha watoto sita, na mwenye katochi haachwi, anapewa mafumbo kwa mdomo, kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali. Tumeshaona vifaa vya msaada vinavyoishia kabatini na kufuli kubwa, na mwenye ufunguo yuko safarini. Ndani ya chupa watoto waweke vifungo, shanga, penseli: ukichukua kimoja unaacha kingine. Chakula hapana, panya watakuwa washindi kila wiki.

Pendekezo letu ni tuanze Kabazana peke yake, chupa tano, mwezi mmoja, tuone wazazi wanasemaje. Mwenye simu yenye betri ya kuaminika na anayeongea Kisomali vizuri, aandike hapa chini kijiji chake.