Chema Chajiuza: Somo la Mwalimu wa Mandera

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hunijia kila mwaka, shule zetu zinapoandaa siku za maombi kwa ajili ya watahiniwa. Wahubiri hualikwa, kalamu huinuliwa juu zikaombewa, na wazazi hububujikwa na machozi. Sina ugomvi na dua. Mimi mwenyewe ni mja aombaye. Ninalouliza ni hili: kipaza sauti kikishazimwa, mwanafunzi hubaki na nini cha kuiga?

Mwaka wa 2015 ulitupa majibu mawili yanayokinzana. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka huo, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Siamini kuwa wote hao walitoka katika shule zisizoomba.

Jibu la pili lilitoka kaskazini mashariki, siku chache kabla ya Krismasi. Mnamo tarehe 21 Desemba, basi lililotoka Nairobi kuelekea Mandera lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria waliamriwa wajitenge, Waislamu kando na Wakristo kando. Maana ya amri hiyo haikufichika kwa mtu, kwani mnamo Novemba 2014 watu 28 wasio Waislamu walikuwa wametengwa na wenzao katika basi jingine lililotoka Mandera, wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Mara hii Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake Waislamu waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi huko Mandera, alikuwa miongoni mwa waliokataa, naye akapigwa risasi. Alifariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi, lakini kabla ya hapo, akiwa kitandani, aliwasihi Waislamu na Wakristo watunzane na waishi pamoja kwa amani.

Taaluma yangu ni isimu, na ni vigumu kwangu kulipita neno bila kulichungulia. Imani, amani na amana ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya usalama na kuaminika. Kiswahili hakikutosheka na urithi huo. Kwetu sisi, imani pia ni huruma: mtu katili huambiwa hana imani, hata kama hakosi ibada. Hivyo lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu kwamba dini isiyomwonea jirani huruma imepungukiwa. Ndani ya basi lile, maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja.

Naandika haya nikijikosoa. Tarehe 2 Aprili mwaka uo huo, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Masomo yalipoendelea katika chuo ninakofundisha, niliwaona wanafunzi wangu Waislamu wameketi nyuma peke yao, mbele yao pana safu ya viti vitupu kama mpaka. Niliuona mpaka huo, nikageukia ubao, nikaendelea na somo la fonolojia. Juma lililofuata msichana mmoja Mkristo, ambaye hakukosa kikundi chake cha maombi kila Ijumaa jioni, alibeba vitabu vyake akaketi katika kimojawapo cha viti vile. Hakuhubiri. Alimwazima jirani yake kalamu, basi. Muhula ulipokwisha, safu zilikuwa zimechanganyika. Mimi mwenye shahada ya uzamifu nilikuwa nimenyamaza. Mwanafunzi wangu ndiye aliyenifunza.

Huenda msomaji akasema kuwa ushujaa wa Mandera ni wa nadra, na kwamba mwalimu wa kawaida hakabiliwi na bunduki. Ni kweli. Hata hivyo, naamini kuwa wema ule haukuzaliwa bunduki zilipoelekezwa. Ni vigumu mtu kumpa jirani mtandio wake mbele ya kifo ikiwa hajazoea kumpa maji, chumvi na salamu. Saa ya dhiki hutoa nje kile kilichowekwa akiba siku za kawaida.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi umeorodhesha maadili: upendo, heshima, umoja, amani, uadilifu na mengineyo. Mwanafunzi hawezi kuyanakili ubaoni yakamwingia. Huyasoma kwetu, tunapoikataa karatasi ya mtihani iliyoibwa ingawa alama za shule zitashuka. Tunapomkumbuka mtoto aliyefunga kabla ya kumwamuru akimbie juani. Tunapomkaripia mkosaji bila kulitaja kabila lake. Nanyi wanafunzi msingoje kuitwa viranja ndipo muwe mfano. Yule msichana hakuwa na cheo chochote.

Tumezoea kuonyana kuwa samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hiyo ni ya kweli, ila haijamaliza habari. Niliyoyashuhudia katika ukumbi wangu wa mihadhara yamenithibitishia kuwa wema nao huambukiza, na mara nyingi huanza na mtu mmoja anayehamia kiti kilicho kitupu.