Kiu ya mbwa wa Sultan Hamud

Pale Sultan Hamud, mji wa reli uliobeba jina la Sayyid wa Unguja, nilimkuta mwenye duka kamnyima maji mbwa wake mkongwe. "Anakunywa mno, mzee wangu, na usiku kucha anakojoa!"

Hadithi ya aliyemnywesha mbwa kwa kiatu chake, Mola akamghufiria, sote twaijua. Lakini sisi wa pwani, mate yake yametushughulisha hata tukasahau kuwa ana roho. Kiu hii si ya jua. Huenda ni sukari, huenda ni figo: zikichoka haziwezi kuyarudisha maji mwilini, naye hunywa ili aishi. Kumnyima ni kumuua. Daktari wa mifugo hupima damu na mkojo, akaagiza chakula kisichozilemea figo. Hazirudi upya, ila hupunguziwa mzigo.

"Daktari kwa mbwa?" akashangaa.

"Mbuzi wako akiugua humwita nani?"

Alicheka, akaenda kujaza bakuli.