Keki ya Mtoto na Mkono wa Mama



Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, juma hili tunalijibu suala ambalo mama zetu wametuuliza zaidi ya mara moja baada ya darsa. Mtoto amefikia siku yake ya kuzaliwa, anataka keki kama aliyoiona kwa mwenziwe, na mfuko wa baba haufiki. Je, wakope wanunue ya dukani, au mama apambe yake nyumbani na mtoto aone haya mbele ya wenzake?

Kwanza tuiweke wazi khitilafu iliyopo. Wako wanachuoni wanaoizuia sherehe hii kwa kuwa haina asili katika Sunna, na wako wanaoihesabu kuwa ni ada tu, inayofaa madhali haikuchanganyika na haramu. Kila mtu amfuate mwanachuoni anayemwamini, wala asimbeze mwenziwe. Asiyeitaka siku hiyo, basi keki aifanye mtoto wake anapohitimu juzuu chuoni. Tutakayoyasema yatamfaa vilevile.

Kukopa kwa ajili ya keki hatukuoni kuwa ni njia. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo tukakatazwa kupita kiasi. Keki huliwa kwa alasiri moja, na deni hula chakula cha nyumba mwezi mzima. Tumeelezwa habari ya nyumba ambamo fedha za karo zilikwenda kwa mpambaji wa keki. Mtoto akashangiliwa Jumamosi, na Jumatatu akarudishwa kutoka shule. Furaha gani hiyo aliyonunuliwa?

Tuje kwenye mapambo yenyewe. Wanawake wa Pwani wana ustadi huu mikononi mwao tangu zamani. Mkono unaoshika koni ya hina na kutoa maua juu ya kiganja cha biharusi hauwezi kushindwa na keki. Chukua karatasi ya kuokea, ikunje mfano wa pembe kama zile wanazotilia wauza njugu, tia ndani sukari iliyokorogwa, kata ncha kidogo, uchore. Mifano tunayo mbele ya macho yetu: maua na majani yaliyochongwa katika milango ya Lamu, pindo la kanga, nyota na mwezi mwandamo. Michoro ya namna hii hutuepusha pia na picha za viumbe wenye roho, ambazo wanachuoni wengi wametutahadharisha nazo.

Joto letu nalo lizingatiwe. Pambo la siagi huyeyuka upesi, hasa nyakati za kaskazi. Waokaji wa nyumbani mwetu husema kuwa kwa asiye na friji, bora ni sukari ya unga gramu 200 ikorogwe na maji ya ndimu kiasi cha vijiko 2 vikubwa, yakitiwa kidogo kidogo mpaka iwe nzito. Keki ipoe kabisa kabla ya kupakwa, ama sivyo pambo lote litateremka kwenye sinia. Zafarani iliyorowekwa katika maji moto kidogo hutoa rangi ya manjano, na maji ya bitiruti hutoa ya waridi. Nazi iliyokunwa ikakaushwa kikaangoni kwa moto mdogo hunyunyizwa pembezoni, na tende zilizopasuliwa hupangwa pamoja na lozi zikawa ua.

Anayenunua rangi na vikolezo asome maandishi ya pakiti. Rangi iliyoandikwa E120 hutokana na wadudu, na katika madhehebu yetu ya Shafi wadudu hawaliwi ila nzige. Jelatini isiyotajwa asili yake yaweza kuwa ya nguruwe, au ya mnyama ambaye hakuchinjwa kisharia. Vanila ya maji aghalabu hutengenezwa kwa alkoholi. Iliki ya kutwanga inatutosha, na harufu yake ndiyo ya majumbani mwetu.

Liko na jambo la adabu. Watoto wetu wengi wana majina yaliyobeba jina la Mola, kama Abdallah na Abdulrahman. Kuliandika jina hilo kwa sukari, kisha likapitishwa kisu na makombo yake yakakanyagwa, hatukupendi. Herufi ya kwanza ya jina yatosha. Na badala ya kupuliza mishumaa, watu wa nyumba wainue mikono wamwombee mtoto umri wenye kheri na elimu yenye manufaa.

Ama haya aliyoiogopa mama, dawa yake ni nyepesi: mwite mtoto akae kando yako unapopamba. Mpe tende azipange, mwachie upande mmoja autie nazi, na mstari wake ukienda kombo usiufute. Mtoto aliyeshiriki hangojei kuchekwa. Yeye ndiye atakayewaita wenzake awaonyeshe lile ua alilolipanga mwenyewe. Hapo amejifunza kuipenda kazi ya mkono wake na kuthamini kilichomo nyumbani kwao.

Na baina ya watoto tufanye uadilifu. Nuuman bin Bashir (r.a.) alipopewa zawadi na babake, Mtume (s.a.w.) alimuuliza baba huyo iwapo amewapa watoto wake wote mfano wake, alipojibu kuwa sivyo, akamwamrisha amche Allah na awafanyie watoto wake uadilifu. Basi mwana wa kiume asipambiwe keki na dadake akasahauliwa siku yake. Na ikiwa nyumbani mna yatima mnayemlea, yeye awe wa kwanza kukumbukwa. Kipande kimoja kivuke ukuta kiende kwa jirani, maana harufu ya iliki imekwisha kumfikia.

Twamwomba Allah azibariki nyumba zetu, atukinge na deni na kujionyesha, na awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.